Saumu ya Dagane Bare

Katika soko la mifugo la Garissa, bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na dalali hupeana mikono, shuka ikatupwa juu ya viganja vyao, na huko chini vidole vikaanza kuzungumza. Kidole kimoja kikibanwa kina maana yake, ngumi ina maana yake, na aliyesimama hatua mbili kando hajui kitu. Ni kazi ya kusimama karibu na mtu. Utasikia anavyopumua, utajua asubuhi amekula nini, na yeye atajua yako. Dagane Bare aliifanya kazi hii tangu ujana hadi ndevu zake zikawa za kutiwa hina, na pale sokoni hapakuwa na wa kumfikia. Alikuwa mrefu, mcheshi, maneno hayamwishii, na akishakukamata mkono hakuachii mpaka umekubali.

Naliweka hili mbele ili mtu asije akamwona mpumbavu bure. Dagane hakuogopa kufa. Alikuwa ameshazika ndugu, ameshafukuzwa na majambazi kwenye njia ya Wajir, na ukame ulishamla mifugo akaanza upya mara nyingi tu. Alichokiogopa ni siku ambayo mtu angeuchomoa mkono wake chini ya shuka na kurudi nyuma kwa sababu ya harufu.

Ugonjwa ulianza kwa mkojo kukataa kutoka. Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita alipelekwa Nairobi, wakamkuta na saratani ya tezi dume, wakaamua kumchoma kwa mionzi. Alikaa kwa mpwa wake, mtaa wa Islii, zaidi ya mwezi, kila siku ya kazi akienda hospitalini kulala chini ya mashine kubwa iliyonguruma juu ya tumbo lake, haigusi, haiumizi, ila ilimtia hofu kuliko kisu.

Huko, kwenye benchi la kusubiria, ndipo alipokutana na Mahat. Mahat alikuwa mtu wa Masalani, mfugaji mwenye kashamba kadogo kando ya Tana, mfupi, mpole, mwenye ugonjwa ule ule. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi tu, na Kiingereza hakukijua kabisa. Kwa hiyo kila neno lililotoka kinywani mwa daktari lilimfikia Mahat kwa ulimi wa Dagane. Wakazoeana mno. Wakawa wanataniana nani atakimbilia choo kwanza, na Mahat akasema kama si Dagane angekuwa anapelekwa huku na huku kama mbuzi aliyenunuliwa.

Siku ya kuagana daktari aliwaketisha wote wawili. Akawaambia ugonjwa umechomwa, lakini kibofu kiko jirani na moto, nacho kimeungua. Mkojo utawasha, utawabana ghafla, huenda ukavuja, huenda hata damu ikaonekana, na mambo haya yanaweza kuchelewa miezi kisha yakaja.

"Kitu kimoja msikisahau," alisema. "Kunyweni maji. Mtu akiona anakojoa ovyo hujinyima maji, akidhani anajisaidia. Mkojo ukiwa mkali unazidi kukichubua kibofu, na damu ikiganda ndani mtaziba. Kunyweni, hata kama itawabidi kuvaa vitambaa."

Dagane alimfasiria Mahat yote, neno kwa neno. Mahat akatikisa kichwa, na njiani akanunua kidumu cha plastiki cha kubebea maji. Dagane alimcheka.

Miezi michache ya kwanza nyumbani ilikuwa nafuu. Kisha yakaja, kama daktari alivyosema. Kwanza ulikuwa moto, hata akawa anauma kilemba chake chooni asisikike. Halafu ukaja ule ubanaji usiotoa taarifa: mtu yuko sawa, anaongea, na mara moja ni kukimbia au kujilowesha. Mwisho ukaja uvujaji wa matone, mchana kutwa, ambao hata kukimbia hakukuusaidia. Alianza kuvaa vikoi viwili, vyote vyeusi. Mkewe, Ardo, alichana shuka kuukuu akamtengenezea vitambaa vya kujifunga, akavifua kila siku na kuvianika ndani ya nyumba nyuma ya godoro, kwa sababu kamba ya uani inaonekana na majirani.

Sokoni mambo yalimwendea mrama upesi. Siku moja alikuwa na Mutua, mnunuzi wa kutoka Mwingi, mikono yao iko chini ya shuka na bei imeshakaribia. Akabanwa.

"Mutua, wewe ngoja mimi kidogo tu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Usibeana mkono na mtu. Hii ngamia ni yako, wallahi."

"Unaenda wapi, mzee? Tumalize!"

"Nakuja saa hii. Ngoja bale bale."

Alikimbia nyuma ya ukuta wa josho. Aliporudi, kikoi kimelowa ubavuni na amejimwagia vumbi kukificha, Mutua alikuwa na dalali mwingine, Abshir, na shuka ilikuwa mikononi mwao. Abshir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dalali, naye alimwona mnunuzi amesimama peke yake. Dagane alirudi nyumbani kwa miguu, mbali na watu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi Nairobi alilia.

Alhamisi moja akafunga. Alifunga kwa nia safi, nataka hilo lijulikane. Alitaka kumwomba Mungu amwondolee aibu ile, na mtu mwenye haja hufunga akaomba. Lakini ikatokea kwamba siku hiyo, kwa kutokunywa tangu alfajiri, chini ya jua lile la Garissa linalokausha hata mate, alikaa sokoni mpaka alasiri na kitambaa chake kikabaki karibu kikavu. Aliuza ngamia dume na mtamba wake. Alirudi nyumbani anaimba.

Jumatatu akafunga tena. Kisha akaanza kufunga siku moja na kula siku moja. Kisha akaacha kuzipisha siku.

Watu wana macho, na macho yao yaliona walichotaka kuona. Dagane aliyekuwa mtu wa mizaha na viapo vya uongo juu ya umri wa ngamia, amekwenda kuchungulia kaburi huko Nairobi na amerudi mcha Mungu! Timiro, mama mwenye kibanda cha chai pale langoni mwa soko, aliacha kumwekea bilauri. Abshir alimtania, "Waryaa Dagane, huko Nairobi walikutoa ugonjwa au walikutoa tamaa?" Wenzake wakacheka, lakini baada ya muda kicheko kikaisha, wakaanza kumwita Sheikh. Wafugaji waliokuja na mifugo kutoka mbali, hata Bute, walimwulizia kwa jina, kwa kuwa mtu anayefunga mwaka mzima hawezi kukudhulumu.

Na kweli, hakumdhulumu mtu. Angewezaje, na macho yote yale yako juu yake? Alipendeza. Alipendwa. Alisimama karibu na watu tena, na mikono yao ilikuja chini ya shuka bila wasiwasi. Ukimuuliza Dagane wakati ule kama alikuwa anamdanganya mtu, angekasirika, na hasira yake ingekuwa ya kweli. Amefunga, hakufunga?

Ardo ndiye aliyejua, maana yeye ndiye aliyefua. Aliona vitambaa vimepungua ulowevu lakini rangi yake inazidi kukolea, ya majani ya chai yaliyochemka mno, na harufu yake ikawa kali hata ikamtoa machozi. Aliona pia kwamba magharibi ikiingia mumewe anakula tende, anapiga funda moja la maji na kusukuma kikombe mbali.

"Umefungua au hujafungua?" alimuuliza.

"Nimefungua."

"Funda moja ndiyo futari? Daktari alisemaje? Si ulinieleza wewe mwenyewe?"

"Daktari hauzi ngamia."

Ardo hakuwa mwanamke wa kubishana. Alijifunika akaenda kwa Maalim wa madrasa ya mtaani, akamuuliza kana kwamba anauliza kwa niaba ya mume wa jirani. Maalim akamjibu bila hata kufungua kitabu. Mgonjwa anayedhurika kwa saumu haruhusiwi kujiumiza, na asiyekatika mkojo dini imemrahisishia: ajisafishe, ajifunge kitambaa, atie udhu kila wakati wa sala unapoingia, asali. Kinachotoka baada ya hapo hakimhusu. Mungu hamwonei mtu.

Alirudi mbio na habari hiyo, furaha imemjaa. Dagane alimsikiliza akiwa amelala ubavu, ameshika tumbo la chini.

"Maalim kasema kweli," alisema mwishowe. "Mungu atanikubali na mkojo wangu. Je, Mutua?"

Basi wakaendelea hivyo mpaka Ramadhani. Mwezi ule ulimpumzisha mchana, kwa kuwa mji mzima ulikuwa na kiu pamoja naye. Lakini Idi ni Idi. Siku ya Idi kufunga ni haramu, na hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Dagane, ambaye kwa miezi alikuwa amejificha nyuma ya saumu, siku hiyo hakuwa na pa kujificha. Wageni walianza kuingia asubuhi na mapema, madalali, wafugaji, jamaa, wote wakitaka kula na Sheikh siku yake ya kula. Walimletea maziwa ya ngamia, wakamshikisha kibuyu kwa mikono miwili, wakamtazama usoni kwa mapenzi.

Alikunywa. Angefanyaje? Alikunywa maziwa na akanywa chai, kisha akajifanya amepata homa, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango. Kibofu kilichokuwa kimezoea kukaushwa kilishtuka. Ardo alimkuta amepiga magoti juu ya beseni, kilemba mdomoni, na ndani ya beseni mlikuwa na damu, si ya matone, damu yenye vipande vyeusi. Nje wageni walikuwa wanamwombea dua kwa sauti. Ardo alikaa sakafuni akalia bila kutoa mlio.

"Usimwambie mtu," Dagane alisema.

"Utakufa."

"Nife ninaitwa Sheikh. Usimwambie mtu."

Akamwapisha. Naye Ardo, Mungu amsamehe, akaapa, kwa kuwa alikuwa amemwona mumewe akirudi kwa miguu siku ile ya Mutua, na alijua kilichomrudisha hai si hospitali.

Kiangazi cha mwaka huo, tisini na saba, Mahat alikuja Garissa.

Alikuja juu ya lori na mbuzi wake wachache wa kuuza, na alionekana toka mbali. Mkono mmoja alishika kile kidumu cha maji cha Nairobi, kimechakaa sasa. Mkono wa pili alishika kopo tupu la mafuta ya kupikia lenye kifuniko. Kila akipiga hatua kadhaa alikunywa funda, na alipobanwa aliwapa watu kisogo, akachuchumaa na kopo lake chini ya kikoi, akamaliza, akafunika, akaendelea na safari. Kikoi chake kilikuwa na madoa na alinuka, sina haja ya kulipamba jambo hilo. Lakini mashavu yake yalikuwa yamejaa na macho yake yalikuwa meupe.

Alimkuta Dagane kwenye kibanda cha Timiro, amekaa na Abshir na madalali wengine. Wao wanakunywa chai, yeye ameshika tasbihi.

"Walaal!" Mahat alipiga kelele, akamwangukia shingoni. "Ndugu yangu wa mashine! Uko hai!"

Dagane alimkumbatia kwa mkono mmoja. Alifurahi, kweli alifurahi, moyo ulimruka kumwona. Lakini aliona pia Abshir anasogeza kigoda chake nyuma na kuvuta shuka puani. Walikuwa wanautazama ugonjwa wake. Ule alioufunika kwa kiu mwaka mzima ulikuwa umeingia kibandani kwa miguu yake na kumkumbatia mbele ya watu.

Timiro alimpa Mahat chai. Hata hajaifikisha nusu, haja ikambana. Hakuliwahi kopo. Kigoda kililowa, na mchanga chini yake ukalowa. Mahat aliinuka taratibu, akatumia maji ya kidumu chake kukiosha kigoda cha Timiro, akaomba radhi.

"Mnisamehe, jamaa. Ni dawa ya Nairobi hiyo. Ugonjwa waliuchoma, na mfereji wakauchoma." Akajaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Ndipo akamgeukia Dagane, akamtazama kikoi, akatazama kigoda alichokalia, kikavu. "Wewe umekauka. Tulilala chini ya mashine moja, wallahi, na wewe umekauka. Umefanyaje, Dagane?"

Kabla Dagane hajafungua mdomo, Abshir alimjibia. "Huyu ni Sheikh Dagane. Anafunga mwaka mzima. Hanywi, hali, ila usiku. Mungu amemtengenezea."

"Ni kweli?" Mahat aliuliza. Hakumtazama Abshir. Alimtazama Dagane, kama alivyomtazama kwenye benchi lile kila daktari alipomaliza kusema, akingoja kufasiriwa.

Neno moja lingetosha. Angeweza kusema kwa Kisomali cha chini chini, njoo nyumbani kwangu tuzungumze. Angeweza kumvuta pembeni. Dagane alihisi matone yakianza kupenya kitambaa chake, akabana mapaja, akasogeza tasbihi.

"Ni saumu tu," alisema, "na Mungu."

Mahat alikitazama kidumu chake. "Lakini daktari alisema tunywe. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Daktari alisema analolijua," Dagane alijibu.

Jioni Mahat aliuza mbuzi wake na kupanda lori la kurudi. Kidumu alikiacha kwa Timiro. Alimwambia ampe yeyote mwenye haja nacho. Dagane alikuwa pale langoni alipokisikia kisa hicho. Lori lilikuwa bado halijaondoka, dereva anafunga turubai, na miguu yake ilikuwa na nguvu ya kumfikisha. Hakwenda. Alijiambia mtu mzima anajua mwili wake. Alijiambia Mahat hatastahimili kiu hata wiki moja. Aliona nafuu, kusema kweli, kwamba yule mtu anaondoka na harufu yake.

Mwishoni mwa mwaka mvua ikaja, ile ambayo watu waliipa jina la Kizungu la El Nino na mpaka leo wanaitumia kuhesabia umri wa watoto. Tana ilivunja kingo zake ikala mashamba, barabara zikakatika, malori yakazama kwenye matope mpaka vioo. Ng'ombe walielea. Dagane aliketi nyumbani, maji yamezunguka ua wake, na ndani ya maji hayo yote akawa bado analowesha ulimi tu. Alikonda. Alianza kutembea ameinama mbele. Damu ilikuja wiki hii, ikapotea, ikaja. Lakini sokoni, siku chache soko lilipofunguka, alikwenda, na watu walimpisha njia.

Barabara zilipokauka kidogo, lori la kwanza kutoka Masalani lilileta habari. Mahat alikufa mvua zilipokuwa zimepamba moto.

Ardo alimwambia aende. Alisema kwa sauti ambayo Dagane hakuwahi kuisikia kwake, kwa hiyo akaenda.

Nyumba ya Mahat ilikuwa juu ya kilima kidogo, mstari wa tope la mafuriko unaonekana chini yake. Mjane wake, Safiyo, alikuwa bado ndani ya eda, amevaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni, na kaka yake Isak ndiye aliyempokea mgeni na kuketi nao. Dagane alitoa rambirambi kama inavyotolewa. Safiyo alizipokea.

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Alikutaja sana."

"Mungu amrehemu, abaayo, dada yangu. Alipatwa na nini?"

"Kiu." Alisema kana kwamba anataja malaria. "Aliporudi kutoka kwako akaacha maji. Akasema Dagane amekauka, Dagane amepona kwa saumu, na mimi nitapona. Mwanzo alifurahi. Alikwenda msikitini, akakaa safu ya mbele, kwa sababu zamani alikaa mlangoni. Halafu mkojo ukawa damu, halafu damu ikaziba, hautoki. Tumbo likawa ngumu hivi. Homa. Isak alitaka kumvusha kwenda hospitali ya ng'ambo. Mto ulikuwa umefura, wenye mitumbwi walikataa."

Isak alitikisa kichwa, macho chini.

"Nilimwekea kikombe mdomoni," Safiyo aliendelea. "Nikamwambia kunywa, hata funda. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Aliufunga mdomo. Akasema, Dagane hakunywa."

Isak, kwa adabu ya nyumba, alikuwa amemwekea mgeni jagi na kikombe. Safiyo alinyosha mkono akakisogeza kikombe mbali naye, taratibu, kwa heshima.

"Nisamehe, Sheikh. Nimesahau kwamba umefunga."

Dagane alikitazama kikombe. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa, ya qadari na subira, na sasa hayakuwepo. Aliona aibu, na hii haikuwa ile aliyoizoea.

"Sikufunga, abaayo," alisema.

"Leo?"

"Siku nyingi. Nilikuwa sinywi ili nisikojoe mbele ya watu. Mimi sikupona. Navuja kama alivyovuja yeye, na damu ninayo kama yake. Daktari alisema tunywe, na hakuna lingine alilosema. Mahat aliniuliza mbele ya watu, na mimi niliona haya."

Isak aliinua kichwa. Mkono wake ulikunjika juu ya goti, na Dagane angeshukuru kama angempiga. Safiyo hakusogea. Alimtazama mgeni wake kuanzia kilemba hadi vikoi vyake viwili vyeusi, kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta mahali alipomwona zamani. Kisha akakirudisha kikombe mbele yake, akamimina maji mpaka ukingoni.

"Kunywa," alisema.

Alikunywa.

Akamjazia. "Kunywa nikuone."

Alikunywa tena, maji yakimtiririka ndevuni, na akajaziwa tena. Kila kikombe kilishuka kikiuma. Isak alisema, "Safiyo, basi," naye akamjibu, "Niache," bila kumgeukia. Jagi lilipokwisha alimtuma Isak alijaze mtungini, naye akaenda, akarudi.

Haja ikambana kama ilivyombana siku zote, ghafla, na kwa mazoea Dagane alijaribu kuinuka. Safiyo alimzuia kwa kiganja kilichonyoshwa hewani. Akaketi. Vitambaa vikajaa, kikoi cha kwanza kikalowa, kikalowa cha pili, na mkeka ukaanza kubadilika rangi kumzunguka, wekundu kidogo ndani yake. Harufu ikapanda. Alifunika uso kwa mikono miwili akalia kwa sauti, mzee mzima, mbele ya mwanamke na kaka yake.

"Usijali mkeka," Safiyo alisema, huku anamimina. "Wa Mahat niliufua kila siku. Haukunishinda."